Nyuma ya Picha ya Yotamu

Ubao wa kukalia ulitoka kwenye lori lililopinduka njia ya Chunya, na matundu ya boliti yalikuwa bado yanaonekana. Chandrakant mwenye duka aliuacha ukae kwenye kibaraza chake kwa hesabu moja tu: mtu aliyekaa kukwepa mvua mwisho wake hununua chumvi. Na mvua ya Machi, mwaka ule wa hamsini na saba, ilikuwa imeukalia mji wa Mbeya kama mgeni asiyejua kuaga. Siku zote walikuwa watu watatu wale wale. Jailos, waliyemwita Burma kwa sababu aliwapikia askari huko wakati wa vita, alichemsha na kuuza kahawa ya Rungwe yenye tangawizi katika birika lililobabuka. Silvester, waliyemwita Dominasi, alikaa seminari miaka minne, akarudishwa nyumbani bila kuambiwa sababu, akabaki na Kilatini chake kama mtu aliyebaki na ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Tadeo, waliyemwita Beira, alikaa bandari hiyo ya Wareno miaka kumi na mmoja, na kati yao yeye ndiye aliyesema kidogo kuliko wote.

Saulo hakuwa mtu wa kijiwe. Alishuka kutoka mlimani siku za soko tu, akanywa kikombe kimoja, akapanda. Siku ile alishuka siku isiyo ya soko, akapita posta, akaja na kitu kimefungwa ndani ya leso, kimewekwa kifuani. Nyuma yake, hatua thelathini au zaidi, alikuja Atuganile, mke wa mwanawe, na kapu la viazi kichwani. Hakumkaribia. Kwa Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeingia majanini na kugeuka mpaka mzee apite. Wachungaji walikuwa wakisema desturi hiyo itakwisha, na Saulo, mzee wa kanisa, alikuwa akiitikia amina, na mambo yakabaki yalivyo. Miaka tisa alikuwa akila chakula cha mwanamke yule. Sahani iliwekwa juu ya kigoda mlangoni, mlango ukagongwa mara mbili, nyayo zikaondoka. Nyayo hizo Saulo alizijua. Macho ya mwenye nyayo alikuwa hajawahi kuyaona.

Kwenye kona ya duka Atuganile alipinda kupeleka viazi kwa mnunuzi wake, na Saulo akaketi.

— Ugonile, Baba Yotamu, — alisema Jailos.

— Ndaga.

— Leo umeficha nini kifuani? Kifaranga?

— Barua.

Jailos aliacha kumimina. Hapakuwa na mtu kibarazani asiyejua habari ya Yotamu. Alikuwa ameondoka miaka saba iliyopita kwa lori la kampuni iliyoandikisha watu wa migodi ya kusini. Miaka miwili barua zilikuja, zimeandikwa na karani wa kambi, maana Yotamu mwenyewe shule aliiona kwa mwaka mmoja tu. Kisha mtu mmoja akarudi akasema amemwona Durban, ameajiriwa melini kutia makaa tanurini. Baada ya hapo, kimya. Miaka mitano ya kimya. Mara mbili wazee wa ukoo walimtaka Saulo akubali kwamba mwanawe amekufa, na mara mbili alikataa. Safari hii hawakumwuliza.

— Jumamosi si ndiyo mnazika? — aliuliza Jailos.

— Mgomba wameshauchagua, — alisema Saulo. — Watauvika sanda, watauingiza kaburini, watasema huyo ndiye Yotamu. Ndugu za mkewe wanakuja kutoka Tukuyu. Tukishazika, wanamchukua dada yao.

— Na wewe huna mtoto mwingine wa kiume wa kumrithi.

— Sina. Ndiyo maana nimeshuka na mvua hii. Karani wa posta aliniita, kanipa leo asubuhi. Kuna maneno, na karani hayajui. Nataka kujua kitu kimoja tu kabla ya Jumamosi. Mwanangu yu hai au amekufa?

Akafungua leso. Ilikuwa picha, ukubwa wa kiganja, na bahasha yake. Aliiweka juu ya ubao kifudifudi, maneno yakiangalia juu, akaweka mkono wake pembeni kana kwamba upepo ungeweza kuichukua.

Chandrakant alitoka dukani na kioo chake cha kukuzia, kile alichotumia kukagua saa mbovu. Akainama juu ya bahasha.

— Hii stempu ya Hispania, Mzee. Iko na mpwa wangu anakusanya, mimi najua huyu bwana wa kipara. Na hapa mhuri nasema Las Palmas. Hiyo kisiwa. Meli toka Kepu, Afrika Kusini, nasimama pale, nachukua maji na makaa.

— Basi Kihispania, — alisema Jailos. — Nani hapa anajua Kihispania?

— Kihispania ni mtoto wa Kilatini, — alisema Silvester, akiisogeza picha kwake kwa vidole viwili. — Na mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Methali hiyo umeiweka pabaya.

— Nyamaza nisome. Mstari wa kwanza. Mira la foto. Hii nyepesi sana. Mirabilia, maajabu! Tuliimba kila Jumapili. Mira ni muujiza. "Muujiza wa picha."

— Muujiza gani?

— Mtu wanamchimbia kaburi, yeye anatokea kwenye picha! Unataka muujiza gani mwingine, bwana? Maji yawe kahawa?

— Hapo ningepata faida.

Saulo hakucheka, lakini kitu kilimlegea mabegani. Muujiza ni neno zuri. Alimtazama Tadeo aone anasemaje. Tadeo alikuwa anaangalia mvua.

— Wa pili, — alisema Silvester. — Me ves. Hili sijakutana nalo. Turuke.

— Tafsiri gani ya kuruka ruka kama chura?

— Mficha uchi hazai, Burma.

— Uchi umeingiaje hapa?

— Wa tatu! Soy el de la derecha...

Silvester alikatika sauti. Alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akaiweka picha chini polepole na kumtazama Saulo kwa uso wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya msiba.

— Mzee wangu, — alisema. — Derecha. Dextera. Liko kwenye Imani, wewe mwenyewe unaikiri kanisani. Amepaa mbinguni, ameketi mkono wa kuume wa Mungu Baba.

— Yaani? — aliuliza Saulo.

— Yaani yupo mkono wa kuume.

— Silvester. Niambie kama mtu mzima. Amekufa?

— Mimi sisemi. Maneno ndiyo yanasema. Nani mwingine anakaa mkono wa kuume?

Kahawa ilimmwagikia Saulo kwenye goti. Hakuifuta. Miaka mitano kila usiku alilala akijiandaa kusikia neno hilo, na sasa aligundua kwamba kujiandaa hakusaidii chochote.

— Wacha ujinga, Dominasi, — alisema Jailos kwa hasira. — Mimi nimekaa mkono wa kuume wa sajini miezi minane na sijafa! Unamwua mtoto wa watu kwa Kilatini cha kufukuzwa nacho!

— Sikufukuzwa.

— Ulirudishwa.

— Kurudishwa na kufukuzwa ni vitu viwili. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hata hiyo haiingii. Lete hapa. Mimi sina Kilatini, lakini nina akili ya vita. Ona mstari wa nne. No miro a la cámara. Kamera! Kila mtu analiona. Sasa nani duniani anaandika habari ya kamera nyuma ya picha? Mfungwa. Jeshini mtu akikamatwa anapigwa picha, mbele na ubavu. Na barua ya mfungwa inasomwa na wakubwa kabla haijatoka, kwa hiyo anaandika mafumbo. Akisema muujiza, maana yake njaa. Akisema mkono wa kuume, maana yake pingu.

— Wamkamatie nini? — aliuliza Saulo.

— Waingereza wana mlima wao huko huko Hispania, wanauita Jibralta. Wahispania wanautaka. Sasa kijana anatoka nchi ya Mwingereza, anazungumza lugha hawaijui, anashuka melini usiku. Wewe ungemwona nani? Jasusi! Na labda kweli ni jasusi. Labda hata amepewa cheo. Labda miaka mitano hii yote ya kimya ni kwa amri.

— Mtia makaa?

— Jasusi mzuri ni yule mchafu.

— Hapana, hapana, — alisema Silvester, ambaye hakupenda kushindwa kwa uongo. — Kama hajafa, basi ameacha dunia. Ameingia utawa. Tazama: no miro. Hapana muujiza kwenye kamera. Anakataa ubatili. Kuna watawa huko Hispania hawatazami kitu cha anasa, hata kioo.

— Mtawa, eeh? — Jailos aliinyakua picha na kuigeuza. — Na huyu mwanamke ni nani?

Sasa wote walikuwa wanaiona, na Saulo, ambaye alikuwa ameilaza kifudifudi makusudi, alitazama pembeni. Basi la barua kutoka Iringa lilikwama matopeni siku mbili, na mifuko ikalowa. Picha iliganda kwenye bahasha, na alipoibandua pale posta upande mmoja ulibaki ndani, vipande vipande, kama ngozi ya kiazi. Kilichosalia kilikuwa hiki: mwanamke amekaa kwenye kiti, amefunga kitambaa kichwani, amenyoosha shingo. Mbele yake mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, kavaa viatu vyeupe. Na upande wa kulia, weupe mtupu wa karatasi iliyochunika, na kutoka katika weupe ule mkono mmoja wa mwanaume, mweusi, umeshika mgongo wa kiti.

— Mtawa mwenzake, — alisema Silvester kwa sauti ndogo.

— Na mtoto?

— Yatima. Watawa wanalea mayatima.

Hakuna aliyecheka. Hata Silvester mwenyewe alionekana kuchoka na alichokisema. Jailos aliirudisha picha ubaoni, na bila kufikiri akailaza tena kifudifudi.

— Tadeo, — alisema Saulo.

— Naam, kaka.

— Tangu nimekaa hapa hujasema neno. Ulikaa na Wareno miaka kumi na mmoja. Husemi kwa sababu hujui, au husemi kwa sababu unajua?

Tadeo aliweka kikombe chake chini ya ubao, mahali ambapo hakingepigwa teke.

— Beira nilifanya kazi kwa mpiga picha wa bandarini, — alisema. — Hakuwa Mreno. Mhispania, mzee, hakusema kamwe kwa nini alitoka kwao. Mabaharia wakishuka wanakuja kupigwa picha wapeleke makwao. Kazi yangu kushika pazia nyuma yao, na kuwaambia watazame wapi. Mira, mira aquí. Siku nzima neno hilo.

— Kwa hiyo unajua! — alifoka Silvester. — Umeniacha nahangaika na mirabilia saa nzima!

— Ulikuwa unafurahi.

— Soma, Tadeo, — alisema Saulo.

— Unataka nisome?

— Nimeshuka mlima kwa ajili hiyo.

Tadeo hakuichukua picha. Aliinama tu, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, na kidole kikashuka mstari baada ya mstari.

— Mira la foto. Angalia picha. Hakuna muujiza. Me ves, unaniona? Soy el de la derecha, mimi ni yule wa upande wa kulia.

— Upande wa kulia wa picha! — alisema Jailos. — Si mbinguni!

— Wa picha. Halafu, no miro a la cámara. Siangalii kamera.

— Basi yu hai, — alisema Saulo.

— Mwenye maneno haya alikuwa hai siku yalipoandikwa. Mhuri ni wa Januari.

Saulo alitaka kusema ahsante kwa Mungu, lakini akaukumbuka mkono. Ule mkono kwenye kiti. Alikuwa ameutazama pale posta asiujue, mkono wa mtu mzima, mnene vidoleni. Na sasa aliusogeza mwilini mwa kijana aliyeondoka na lori, na haukukataa. Jailos alikuwa anampiga mgongoni. Silvester alikuwa anasema yeye tangu mwanzo alisema muujiza.

— Wakatafute mgomba mwingine wa kukata! — alicheka Jailos. — Jumamosi tutakula nyama ya arusi, si ya matanga. Mke anabaki kwake, mzee anabaki na mlo wake!

— Kuna mistari miwili bado, — alisema Tadeo.

Kicheko cha Jailos kilifika mwisho polepole.

— Miro a la niña. Namwangalia mtoto wa kike. Mírala bien. Mwangalie vizuri.

Silvester aliinama tena juu ya maneno.

— Mtoto wa nani? — aliuliza Silvester, ingawa alishajua.

— Wa mwenye picha, — alisema Tadeo. — Mtu haandikii baba yake amwangalie vizuri mtoto wa jirani.

Saulo alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepatana bei ya kitu asichotaka wenzake wakione.

— Jumamosi utakuja, Tadeo. Mbele ya wazee na mbele ya ndugu za yule binti utasoma. Utasoma mpaka pale kwenye kamera.

— Na haya mawili?

— Hayo yaache.

— Kaka.

— Kwani uongo? Nimekwambia useme uongo? Angalia picha, unaniona, niko kulia. Inatosha. Yu hai, mke atamngoja. Picha nitasema imeharibika yote, maana imeharibika kweli.

— Hata Injili Jumapili tunasoma kipande, — alisema Silvester. — Hakuna anayesema padre ameficha kitabu.

— Na ukweli wa nusu si uongo, — aliongeza Jailos. — Ni ukweli umekaa kupumzika.

Walisema hivyo kwa upole, na Saulo aliwaonea huruma kwa kumwonea huruma. Tadeo peke yake alikuwa amerudi kwenye maandishi. Alikuwa anasugua mstari wa kwanza kwa ukucha, taratibu, kama anataka kujua wino ni wa aina gani.

— Nikwambie jinsi kazi ile ilivyokuwa, — alisema. — Mabaharia wengi hawajui kuandika. Mwanao pia hajui. Kwa hiyo mpiga picha anawaandikia nyuma. Lakini hana muda wa kumsikiliza kila mtu, foleni inafika mlangoni. Ana maneno yake, yale yale, anamwandikia kila mtu. Angalia picha. Unaniona? Mimi ni yule wa kulia, au wa kushoto, au wa katikati. Siangalii kamera, kama mtu kageuza shingo. Nimeona maneno hayo mgongoni mwa picha elfu. Mgiriki alipata hayo, Mmakua alipata hayo. Nadhani kila bandari ina mzee wa namna ile, na huyu wa Las Palmas anajua maneno yale yale.

— Unataka kusema nini?

— Mistari minne ya kwanza ni ya mpiga picha. Hiyo ya mtoto sijaiona kwa mtu mwingine yeyote. Hapo mwanao alimshika mkono yule mzee akamwambia, ngoja, andika na hili. Katika miaka mitano, Saulo, mistari miwili tu ndiyo ya Yotamu. Na ndiyo unayoniambia nikate. Nikubakizie mpiga picha.

Saulo alikaa na maneno hayo. Aliyaelewa vizuri; hilo ndilo lilikuwa baya. Alitaka kusema kwamba anampenda mwanawe, na ilikuwa kweli. Alitaka kusema kwamba anamhurumia yule binti, na hiyo pia ilikuwa na ukweli wake. Lakini kilichomtoka kilikuwa kingine.

— Yule akiondoka, — alisema, — mlango wangu nani ataugonga?

Jailos alitazama birika lake. Silvester alifungua kinywa kutafuta methali na, kwa mara ya kwanza watu wanavyokumbuka, akakifunga.

— Ana miaka mingapi, huyo binti? — aliuliza Tadeo.

— Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

— Bado anaweza kuzaa.

— Najua.

— Miaka mitano ijayo hataweza tena kwa urahisi.

— Najua, Tadeo! Nimesema najua. Wewe umetulia, unanihubiria. Wewe ungefanyaje?

Tadeo alikiinua kikombe chake kutoka chini ya ubao.

— Mimi sikuhubirii, — alisema. — Mimi Beira nilikuwa na wa kumwangalia. Alikuwa anaanza kuota meno. Baba yangu akaniita, nikarudi, nikaoa hapa. Picha sikutuma upande wowote. Kwa hiyo mimi si mtu wa kukuambia la kufanya.

Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia habari hiyo. Chandrakant, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na kioo chake mkononi, aliingia ndani kimya kimya, kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

— Haya, — alisema Tadeo baadaye. — Nitasoma minne. Umeniomba, wewe ni mkubwa wangu. Nitasoma minne.

Saulo alishusha pumzi. Alinyoosha mkono kuichukua picha aifunge ndani ya leso. Mkono mwingine ulikuwa umetangulia.

Atuganile alikuwa amesimama kwenye ncha ya ubao, upande wa kona ya duka, ule ambao watu waliokaa huupa mgongo. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka mabegani. Hakuna aliyemwona akija. Wala hakuna aliyethubutu kujiuliza amekuwa pale tangu lini, maana jibu lilikuwa linaonekana: maji ya kanga yalikuwa yameshafanya dimbwi miguuni pake.

Saulo aligeuza uso ukutani, kama ilivyompasa. Jailos alisimama, akakaa, akasimama tena.

— Karibu, mwanangu, — alisema. — Kahawa...

— Ahsante, baba. Sitakunywa.

Hakuuliza maneno yanasemaje. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa watu, akasogea penye mwanga. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakuutazama sana ule weupe, wala ule mkono kwenye kiti. Alimtazama mwanamke, kidogo. Kisha akaweka kidole gumba chini ya viatu vyeupe vya yule mtoto, kama mtu anayempa mahali pa kukanyagia, na hapo akatulia.

— Huyu mtoto anaitwa nani? — aliuliza.

Silvester alisogea haraka, akafurahi kupata kazi. Aligeuza picha mkononi mwa mwanamke, akatazama nyuma, juu, chini, pembezoni. Akatazama bahasha, ndani na nje.

— Haikuandikwa, — alisema.

Atuganile akamtazama Jailos. Jailos akatikisa kichwa. Akamtazama Tadeo.

— Hawaandikagi majina, mama, — alisema Tadeo. — Mtu anadhani wa nyumbani atajua.

— Baba.

Neno hilo lilikwenda ukutani, na Saulo akajua kwamba ni lake. Desturi ilimtaka asigeuke. Aligeuka. Na mwanamke alikuwa anamtazama, wima, machoni, mbele za watu. Macho yenyewe yalikuwa ya kawaida, mekundu kidogo kwa moshi wa jikoni, na yamezeeka kuliko alivyodhani. Hayakuwa na machozi. Hayakuwa hata na hasira, na Saulo angeshukuru yangekuwa nayo.

— Mjukuu wako, baba. Anaitwa nani?

Saulo ndiye aliyeangalia chini.

Alisikia picha inawekwa juu ya goti lake, palepale palipolowa kahawa. Alisikia nyayo zikishuka kutoka kibarazani na kuingia matopeni, zile zile, nzito kidogo mguu wa kushoto. Alizifuata kwa masikio, kama alivyozoea, zipande upande wa mlima. Zilifika penye njia panda. Zikashika barabara ya chini, ya mabasi ya Tukuyu.

— Mwite, mzee, — alisema Jailos. — Mwite, bado hajafika mbali.

Saulo aliinuka na picha mkononi, akashuka mvuani. Alifungua kinywa amwite, akasimama hivyo, mdomo wazi. Miaka yote tisa alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lolote.